Kumlikiza Mtoto na Daftari la Maziwa



Mwanachama atakayeona kwamba makala haya yameandikwa na mkaguzi atatazamia kusoma habari za leja, stakabadhi na mizania. Safari hii naomba radhi. Jambo ninalotaka kulieleza nililikuta ndani ya daftari la chama nikiwa katika kazi yangu ya kawaida, na kwa sababu hiyo naamini kwamba mahali pake ni katika jarida hili kama vile lilivyo na mahali pake katika chumba cha kliniki.

Ilikuwa katika chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kazi ya siku ile ilikuwa kulinganisha daftari la mapokezi ya asubuhi na malipo ya mwisho wa mwezi. Mwanachama mmoja, mwenye ng'ombe mmoja tu, alikuwa ameleta lita sita kila asubuhi kwa muda wa miezi minne, pasipo kupungua wala kuzidi. Mkaguzi akiona tarakimu zisizotikisika namna hiyo hana budi kushuku, maana ng'ombe si bomba la maji. Nikadhani labda karani anaandika kwa mazoea badala ya kupima. Nikamwomba Katibu anifikishe nyumbani kwa mwanachama huyo.

Karani hakuwa na kosa lolote. Mama wa nyumba alitueleza pasipo kuficha. Asubuhi maziwa yakipungua, yalijazwa kwa yale ya jioni iliyotangulia. Yakizidi, ziada ilichanganywa na ya jioni na kupelekwa kwenye mgahawa wa barabarani. Kwa wastani nyumba ile ilitoa lita tisa kwa siku, na zote tisa ziliuzwa. Hesabu ilikuwa sawa hadi senti ya mwisho.

Lakini uani palikuwa na mtoto ameketi juani. Umri wake ulikuwa mwaka mmoja na nusu hivi. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na kuingia wekundu, uso umejaa hata mtu asiyejua angedhani ni unene, na hakugeuza shingo kuwatazama wageni. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto aliachishwa ziwa siku ile ile mimba ilipojulikana, na tangu hapo chakula chake kilikuwa uji mwepesi wa sembe asubuhi, ugali pamoja na wakubwa mchana, na chai ya rangi jioni. Katibu aliondoka nao siku ile ile kuelekea zahanati, na kutoka huko wakapelekwa hospitali ya wilaya. Mtoto alipona. Mimi nilibaki na swali: chama chetu kilichangia nini katika jambo lile?

Mtoto aliyeondolewa mahali pake

Mwaka 1935 daktari aitwaye Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wenye uvimbe wa miguu na nywele zilizogeuka rangi. Hakuupa jina la Kilatini. Alichukua jina walilolitumia akina mama wenyewe katika lugha ya Kiga, yaani kwashiorkor, ambalo alielezwa kuwa ni maradhi ya mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Sisi huku twauita unyafuzi. Akina mama wale walikuwa wamekwisha kuona saa ambayo ugonjwa huingia: ni pale mtoto anapoondolewa kwenye ziwa la mama na pasiwe na kitu cha maana kilichowekwa badala yake.

Huo ndio mwanya ninaouzungumzia. Maziwa ya mama hayakomi kuwa chakula mtoto anapotimiza mwaka. Shirika la Afya Duniani husema kwamba katika mwaka wa pili bado humpa mtoto kiasi cha theluthi moja ya nguvu anazozihitaji, na ndiyo sababu linashauri mtoto anyonye bila kitu kingine chochote, hata maji, kwa miezi sita ya kwanza, kisha aanze kula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Sasa mtu akikuondolea theluthi ya chakula chako kwa siku moja, nawe huna meno ya kutosha wala sauti ya kudai, utaonyesha upungufu huo mwilini.

Tena si wote huonyesha kwa uvimbe. Wengi zaidi hudumaa tu, wakawa wafupi kuliko umri wao, na mzazi asione kitu kwa kuwa watoto wote wa jirani ni wafupi vile vile. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mkoa wa Iringa ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo, na Njombe na Rukwa ikafuata kwa karibu. Hii ni mikoa ambayo mahindi yake hulisha miji ya nchi hii. Magunia yapo, viazi vipo, maharage yapo, na maziwa yapo. Aliyekosa ni mtu mmoja mdogo ambaye chakula cha wakubwa hakimfikii kwa namna anayoweza kukila.

Wazee wa mkoa wa Iringa watakumbuka kwamba jambo hili liliwahi kushughulikiwa na vijiji vyenyewe. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na fedha kutoka Italia, vijiji 168 vya Iringa viliweka utaratibu wa kupima uzito wa watoto wote wadogo mara kwa mara na matokeo yake kuzungumzwa katika serikali ya kijiji, kama vile yanavyozungumzwa mavuno. Watoto wenye utapiamlo mkali walipungua sana katika vijiji hivyo. Jambo la kutia moyo ni kwamba kilichofanyika kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kuandika, kuhesabu na kuulizana. Hizo ni kazi za Katibu wa chama.

Habari ya kubemenda

Nisingependa kupita hapa haraka, kwa sababu ndipo mahali watoto wengi wanapokatishwa ziwa.

Wengi wetu tumelelewa katika kuamini kwamba mama mwenye mimba akiendelea kunyonyesha, maziwa yake humdhuru mtoto, na mtoto akidhoofu watu husema amebemendwa. Aibu yake si ndogo, maana lawama huwaangukia wazazi wote wawili. Kwa hiyo mama akijitambua tu kuwa ni mjamzito, hupaka shubiri au pilipili kwenye chuchu, au mtoto hupelekwa kwa bibi yake usiku huo huo.

Mimi siandiki haya kama mtu aliye nje. Mtoto wetu wa pili alilikizwa hivyo hivyo, akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Mama yangu mzazi alishauri, mimi nikakubali, na shubiri niliileta kwa mkono wangu mwenyewe. Mtoto alilia siku tatu, kisha akanyamaza, nasi tukafurahi kwamba amezoea. Baada ya wiki sita uzito wake ulikuwa umeshuka kwa kilo moja na zaidi. Muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima, alitazama kadi, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimevaa shati la kazi lenye kalamu mbili mfukoni. Akasema, "Baba, mtoto huyu hajabemendwa. Mtoto huyu ana njaa, na uji mnaompa unaificha." Niliona haya, lakini tangu siku ile nimelitazama jambo hili kwa macho mengine.

Ukweli wa kitaalamu ni huu: mimba haiyageuzi maziwa ya mama kuwa sumu. Yaweza kupungua wingi kadiri mimba inavyokua, na ladha yake yaweza kubadilika hata mtoto mwenyewe akaanza kuyakataa. Mama mwenye afya njema, anayekula vya kutosha, aweza kuendelea kunyonyesha kwa muda akiwa mjamzito. Aliyewahi kuharibu mimba au anayetokwa na damu hana budi kumwona mganga kwanza. Wazee waliosema kwamba mtoto hudhoofu mama apatapo mimba nyingine waliona sawasawa. Walichokosea ni sababu, na kwa kukosea sababu wakatoa dawa inayouongeza ugonjwa wenyewe. Nami huwaambia wazee hivyo hivyo, kwa heshima, na sijakuta mzee aliyekasirika.

Namna ya kulikiza

Kulikiza si tukio la siku moja. Yafaa kuwe kazi ya wiki sita au nane, na zaidi ikiwezekana. Mama huondoa mnyonyo mmoja tu kwanza, aghalabu ule wa katikati ya mchana, na mahali pake huwekwa chakula au kikombe cha maziwa kabla mtoto hajalilia ziwa. Baada ya wiki moja hivi, mtoto akiwa ametulia, huondolewa mwingine. Mnyonyo wa usiku na ule wa alfajiri huwa wa mwisho. Mama akijisikia maziwa yamejaa hukamua kidogo apate nafuu. Ziwa likiwa gumu, jekundu na lenye homa, aende zahanati pasipo kungoja.

Baba ana kazi hapa. Mtoto akilala na baba au bibi siku chache, katika nyumba ile ile, husahau ziwa la usiku kwa urahisi zaidi kuliko akipelekwa kijiji kingine. Kumwondolea mtoto ziwa na mama kwa pamoja ni kumwadhibu mara mbili.

Yapo majira ambayo kulikiza hakufai kabisa: mtoto anapoharisha au akiwa na homa, au mara tu baada ya surua. Nami nitaongeza moja ambalo sikulisoma popote bali nimeliona: Novemba na Desemba, mvua zikianza, mama anapokuwa shambani tangu alfajiri na mtoto yuko mikononi mwa dada yake wa miaka minane, na chupa ya uji uliopoa tangu saa moja. Kama mtoto amekwisha zoea ziwa la jioni na la usiku, mwacheni nalo mpaka palizi ipite.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha akiwa anatumia dawa zake kwa ukamilifu, na hulikiza polepole kwa maelekezo ya kliniki yake. Asiache ghafla kwa maneno ya majirani.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe

Sasa nafika kwenye daftari. Mtoto anayenyonya asipewe maziwa ya ng'ombe kuwa kinywaji chake kikuu kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Maziwa hayo yana madini ya chuma kidogo mno, na kwa mtoto mchanga huweza kusababisha utumbo kutoa damu kidogo kidogo isiyoonekana. Kuyatia kidogo katika uji au viazi vilivyopondwa baada ya miezi sita hakuna ubaya. Mtoto aliyefiwa na mama yake, au ambaye hanyonyi kwa sababu nyingine, hana budi kuongozwa na kliniki.

Akitimiza mwaka, mlango uko wazi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtoto wa mwaka wa pili ambaye hanyonyi tena ni kati ya mililita 200 na 400 kwa siku ikiwa anapata pia nyama, samaki au mayai mara kwa mara, na kati ya 300 na 500 ikiwa havipati. Kwa lugha ya ndoo zetu, ni nusu lita kwa siku kwa aliye na uhitaji mkubwa. Mwanachama anayeleta lita sita chamani akibakiza nusu lita, amebakiza sehemu moja katika kumi na mbili. Kwa mwezi ni lita kumi na tano. Kila mtu aweke bei ya chama chake aone ni shilingi ngapi, kisha alinganishe na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya na siku ambazo mama atakaa wodini na shamba limelala.

Lakini wafugaji wawe na tahadhari ya upande wa pili pia. Nimewakuta wazazi, hasa wenye ng'ombe wengi, wanaompa mtoto lita nzima au zaidi na kusema ameshiba. Ameshiba kweli, na kwa kushiba huko hali chakula. Baada ya miezi michache mtoto huyo mnene huwa mweupe kwenye viganja na ndani ya kope kwa upungufu wa damu, maana maziwa hayana chuma cha kutosha, tena huzuia chuma cha vyakula vingine kisifyonzwe vema. Chai nayo huzuia chuma hicho. Kumnywesha mtoto chai ya rangi ni desturi ambayo tungeiacha leo isingetugharimu kitu.

Maziwa yachemshwe mpaka yapande, kila siku, bila kujali kwamba ng'ombe ni wetu na twamjua. Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita katika maziwa mabichi, na ng'ombe mwenye magonjwa hayo huweza kuonekana mzima. Baada ya kuchemshwa yaweza kugandishwa kuwa mtindi, ambao watoto wengi hukubaliana nao vizuri. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kuisafisha, na katika nyumba isiyo na maji ya bomba huwa chanzo cha kuharisha.

Hapa pana jambo ambalo Makatibu ndio wanaolijua zaidi. Maziwa yaliyokataliwa chamani huenda wapi? Nimeuliza swali hili katika vyama kadhaa, na jibu la kawaida ni kicheko, kisha mtu mmoja husema, "Watoto watakunywa." Yakikataliwa kwa sababu yameanza kuchacha, basi yaweza kuwa hasara ndogo. Yakikataliwa kwa sababu yametiwa maji, mtoto atapewa maji ambayo hakuna ajuaye yalichotwa wapi. Na yakikataliwa kwa sababu ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele na anadungwa dawa, hayo si chakula cha mtu yeyote mpaka siku alizotaja mtaalamu wa mifugo zimalizike, na kuchemsha hakuondoi dawa hizo. Karani anayerudisha maziwa aseme sababu kwa sauti, aiandike katika daftari, na amwambie aliyeyaleta kama yanafaa kunyweka au la. Nukta hiyo nitaikagua.

Uji unaosimama kijikoni

Maziwa ni msaidizi. Kinachobeba mtoto ni sahani yake, na sahani hiyo aghalabu huharibiwa na maji.

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja huchukua kiasi cha kikombe kimoja kwa mara moja, au kuzidi kidogo. Ukilijaza uji mwepesi unaomiminika kama chai, umelijaza maji. Ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili yafaa ale mara tatu au nne kwa siku, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima kila mara, na kitu kidogo katikati kama parachichi au kiazi. Aliyekwisha kulikizwa aongezewe mlo mmoja. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko ukikiinamisha kidogo.

Mama atasema mtoto hawezi kumeza uji mzito, na ni kweli. Dawa yake iko katika vijiji vyetu tangu zamani, nayo ni kimea, kile kile cha kutengenezea togwa. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliutafiti unga wa kimea miaka ya 1980 na kuonyesha kile ambacho bibi zetu walikuwa wakikifanya. Ulezi safi hulowekwa usiku mmoja, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, huanikwa ukauke kabisa, vimizizi vikapukutishwa, kisha husagwa. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, ndipo utie kijiko cha chai cha unga wa kimea kwa bakuli moja na kukoroga. Katika dakika chache uji hulainika wenyewe pasipo kuongezwa maji. Rudisha motoni uchemke tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Tumia ulezi, machipukizi ya mtama yana sumu na si ya kujaribia kwa mtoto. Kimea chenye ukungu au harufu ya uvundo kitupwe.

Juu ya uji huo au ugali laini, mtoto anahitaji kitu cha kujenga mwili kila siku: yai, dagaa waliotwangwa, ini au nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, maharage yaliyoivishwa na kupondwa, maganda yakiondolewa kwa mtoto mdogo. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti huongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Mboga za majani na chungwa au papai visaidie, maana tunda lenye uchachu husaidia chuma cha maharage kufyonzwa. Parachichi, ambalo siku hizi tunalihesabu kama zao la kusafirisha tu, ni chakula bora cha mtoto na halihitaji hata kupikwa. Yale yaliyokataliwa na wanunuzi kwa udogo hayana kasoro yoyote mdomoni.

Unga wa lishe wenye nafaka na karanga za kila aina zilizosagwa pamoja mimi siusifu. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota sumukuvu, na mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Vikisagwa pamoja, hakuna awezaye tena kuona karanga iliyooza. Unga wa nafaka moja, ukapikwa, kisha karanga zilizochambuliwa na kupondwa siku hiyo zikaongezwa, ni salama zaidi.

Na mtoto awe na bakuli lake. Katika sinia moja na ndugu zake wanne hana mbio za kushindana nao, na hakuna mtu atakayejua alikula kiasi gani. Akiwa na bakuli lake, hata baba anayerudi jioni ataona kilichobaki.

Yaliyo juu ya chama

Mwaka 1995 vyama vya ushirika vya dunia vilivyokutana Manchester viliongeza katika misingi yake ule wa saba, wa kujali jamii. Tumeubandika ukutani katika ofisi nyingi. Hapa pana mahali pa kuutumia.

Kwanza, bodi nyingi humtilia shaka mwanachama ambaye maziwa yake yamepungua, kwa kudhani anauza pembeni. Shaka hiyo ina sababu zake, nami nimeichochea mwenyewe katika taarifa zangu. Lakini mwanachama mwenye mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitatu akibakiza nusu lita asihojiwe wala asikatwe chochote. Katibu aweza kuandika tu pembeni mwa jina lake neno "mtoto", na mkaguzi ataelewa.

Pili, maziwa hukamuliwa na mama katika nyumba nyingi, na fedha huingia katika akaunti ya baba. Mama anayetaka kubakiza kikombe huona kama anaiba fedha za mumewe. Jambo hili lisemwe na Mwenyekiti katika mkutano mkuu, mbele ya akina baba wote, ili mama asilazimike kulisema peke yake jikoni.

Tatu, siku ya malipo watu wote huwapo. Mhudumu wa afya wa kijiji akialikwa aje na mizani yake, kazi ya asubuhi moja itakuwa imefikia nyumba ambazo hazifiki kliniki baada ya chanjo za mwaka wa kwanza kwisha.

Katibu mmoja aliniuliza kuhusu wanachama wasio na ng'ombe, walio wengi katika vyama vya mazao. Ni swali la haki. Kwao maharage, mayai na dagaa ndiyo msingi, na kwa vipimo vilivyotajwa hapo juu mtoto aweza kukua vizuri. Hata hivyo, mahali ambapo chama cha mazao na kituo cha kupokelea maziwa viko katika kijiji kimoja, hapana sababu ya mtoto kutazama gari la maziwa likipita. Vyama hivyo viwili vyaweza kukubaliana kwamba mwanachama wa mazao mwenye mtoto aliyelikizwa achukue nusu lita yake asubuhi kabla gari halijafika, akayachemshe kwake, na deni lake likatwe kwenye malipo ya mahindi au kahawa. Bodi zipitishe azimio, karani aongeze safu moja katika daftari la mapokezi, na kituo kiwe na kopo la nusu lita lililokaguliwa vipimo.